Kiboko na Mwizi Wanapokezana Zamu

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa hadhara wa mwalo wetu, ufukwe tunaposhushia samaki, katika kimojawapo cha visiwa vidogo vya Ukerewe, kipindi cha mbalamwezi ambapo karabai, taa za kuvulia dagaa usiku wa giza, zimelala na watu wapo nyumbani. Waliokuwa makambini, na waliokuwa wamevuka kwenda Nansio na Mwanza, wameniomba niiweke yote. Hii hapa, pamoja na utani wake.

Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wetu wa Kijiji, Mwenyekiti, Afande uliyevuka maji kuja kutusikiliza, wazee wangu: shikamooni. Mama zangu wa chanjani mnakoanika dagaa, hamjambo? Vijana wa karabai, mpo? Naona mpo, mwezi umewarudisha nyumbani. Ndugu zangu Wasukuma, mwangaluka. Wakerewe, Wajita na Wakara mlionisalimia tangu nashuka pale kwenye mawe, salamu zenu nimezipokea zote.

Mimi mnanijua. Kwenye karatasi ni katibu wa BMU, kikundi cha wananchi cha kusimamia uvuvi wa mwalo. Kwenye mchanga ni mwanika dagaa kama alivyokuwa mama yangu, na harufu mnayoisikia nikipita ndiyo iliyosomesha wanangu.

Mtendaji alipokuja kuniomba nizungumze alinipa mada mbili nichague moja. Ya kwanza, wanyama wakali. Ya pili, uhalifu mwaloni. Akasema muda hautoshi mada mbili. Nikamjibu: Mtendaji, kwako ni mbili kwa sababu ofisini una mafaili mawili. Sisi tunaolala huku chini hatuna mafaili. Tuna usiku mmoja tu, na ndani ya usiku huo kiboko na mwizi wanapokezana zamu. Huyu akitoka, yule anaingia.

Hilo ndilo nililokuja kulisema, na nitalirudia mpaka mnichoke. Kila mtu wetu alipoumizwa na mnyama hapa, ukifuatilia nyuma yake utamkuta binadamu. Na mara nyingi tulipoibiwa, mwizi alipita mahali ambapo sisi tumepakimbia kwa kumwogopa mnyama. Mnabisha? Subirini kidogo.

Mnamkumbuka mama mwenzetu aliyekanyagwa wakati wa masika. Simtaji jina. Yupo, anaendelea kupona, na hakunituma nimtangaze. Mama yule alinunua dagaa alfajiri kwa mkopo wa kikundi. Mchana mvua ikashuka. Nyie mnajua dagaa na mvua. Dagaa anataka jua kali akauke siku hiyo hiyo. Akilala na unyevu anabadilika rangi, anakatika kichwa, na ukimfikisha soko la Kirumba, Mwanza, mnunuzi anakupa bei ya chakula cha kuku. Ikabidi dagaa walale chanjani wasubiri jua la kesho. Zamani angewafunika turubai, akaenda kulala na watoto wake. Lakini wiki ile ile maturubai ya wenzake yalikuwa yamefunuliwa usiku na dagaa wakaondoka kwa ndoo. Angefanyaje? Deni la kikundi linamsubiri Ijumaa. Akachukua mkeka na khanga zake, akalala chini ya chanja.

Saa nane za usiku kiboko akawa anarudi majini kutoka malishoni. Sikilizeni vizuri hapa, hasa nyie mnaosema kiboko ana kisirani. Kiboko anakula nyasi. Anatoka majini jioni, anatembea hata kilomita kadhaa, anakula nyasi kama kilo 40 kwa usiku mmoja, na kabla hakujapambazuka anarudi kwa njia ile ile aliyoendea. Hana habari na mtu. Ila mtu akisimama kati yake na maji, hapo hana mjadala, na mwili wake ni tani moja na nusu au zaidi. Mama alisikia mchanga unatikisika, akashtuka, akasimama, akawasha tochi. Alikosimama ndiko hasa kati ya kiboko na maji.

Mguu ulivunjika, mbavu zikavunjika. Mtumbwi mpaka Nansio, Nansio mpaka hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwenye kitabu cha matukio ikaandikwa kwamba amejeruhiwa na kiboko. Ni kweli. Lakini mimi nauliza swali ambalo kitabu hakikuuliza. Alifuata nini pale chini saa nane za usiku? Nani alimtoa kitandani kwake? Kiboko alimvunja mguu. Mwizi ndiye aliyemlaza njiani. Kiboko ameandikwa. Mwizi hajaandikwa popote.

Na samahani, wapo wengine pia ambao hawajaandikwa. Wazee mnajua kwamba njia ya kiboko haikuwa pale chanjani. Ilikuwa inapita kule kwenye matete, upande wa mkuyu. Kwa nini ameihama? Kwa sababu kule kwenye matete sasa kuna mahindi na matembele mpaka majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe bila shughuli za kudumu za binadamu. Mita 60! Hapa kwetu lipo shamba ambalo mwenye nalo akimwagilia anachota maji bila kusogeza miguu. Sitamtaja. Naona ameanza kuangalia simu.

Kwa hiyo tumemfungia mnyama njia yake, akaja kwenye mchanga. Mwizi akatutoa majumbani, tukaja kwenye mchanga. Tukakutana.

Twendeni nyuma ya kisiwa, kwenye ile ghuba ya magugu maji. Nani amekwenda kule mwaka huu? Nyosheni mikono. Naona mikono miwili, na mmoja ni wa mzee wangu hapa ambaye hata njia ya kurudi hakuikumbuka. (Walicheka. Ni mtani wangu, tumeshazoeana.)

Hatuendi kule kwa sababu kuna mamba. Ni kweli, mamba yupo. Amechukua mbuzi, amechukua mbwa, na miaka ya nyuma alimchukua mtoto wa watu aliyekuwa anaosha vyombo, na kwa hilo hakuna utani. Lakini habari za mamba wale zikaanza kukua. Alikuwa mmoja, wakawa watatu, wakawa ukoo. Mara tukasikia kwamba mkubwa wao ana mwenyewe, anafugwa, anatumwa. Watu wakaacha kukata matete kule. Wakaacha kutega kule. Watoto wakakatazwa hata kutaja jina la ile ghuba jioni.

Halafu kijana mmoja akamfuata mbuzi wake aliyekata kamba. Akaiona kamba nyingine, ya nailoni, imefungwa kwenye shina la mti, inaingia chini ya magugu. Akaivuta. Ikaja injini, imefungwa kwenye nailoni mpaka shingoni. Akavuta nyingine, ikaja ya pili. Na mafungu ya nyavu juu ya mawe, yamefunikwa kwa matete makavu. Ghala zima la wizi, halina kufuli wala mlinzi. Mlinzi alikuwa mamba wetu. Sisi ndio tuliomwajiri, na mshahara wake ulikuwa woga wetu.

Sasa nauliza: habari ya mamba wa kutumwa ilianzia kwa nani? Nimeulizauliza. Huyu aliisikia kwa yule, yule kwa shemeji yake, shemeji yake kilabuni. Ukiifuata mpaka mwisho inafika kwa vijana wawili ambao siku hizi Afande anawafahamu kuliko mimi. Kesi iko mahakamani, kwa hiyo naishia hapo.

Mamba si jini. Jike hutaga mayai 40 mpaka 60, anayafukia kwenye mchanga, anayalinda kwa muda wa miezi mitatu hivi mpaka yaanguliwe. Anachokisoma mamba ni mazoea yetu. Akiona tunachota maji pale pale, saa ile ile, anasogea taratibu na kungoja chini ya maji. Haraka hana, maana anaweza kukaa wiki nyingi bila kula. Na sisi tunamkaribisha: tunapasulia samaki pale pale tunapochotea maji, matumbo tunayatupa pale pale, halafu tunamtuma mtoto na ndoo jioni. Wenzetu wa upande wa Buchosa, TAWA, mamlaka ya serikali ya wanyamapori, waliwajengea kizimba cha kuchotea maji, uzio unaoingia ziwani, mama anachota akiwa ndani na mamba yuko nje. Kwa nini sisi hatuna? Ombi limeandikwa? Mtendaji anatikisa kichwa. Basi hilo tutalirudia.

Na kenge mnaowapiga mawe kwa ajili ya mayai ya kuku, huyo huyo kenge ndiye anayefukua mayai ya mamba na kuyala. Mwacheni.

Turudi kwenye injini. Tukisikia injini imeibwa, wote tunageuza shingo kuangalia Uganda na Kenya. Maharamia wa mbali wapo, sikatai. Wanakuja na silaha, na wavuvi wenzetu wamepoteza mali na roho kule kilindini. Hiyo ni kazi ya Polisi Wanamaji, na Afande amelieleza kabla yangu. Lakini injini zilizotoka ghubani hazikuibwa na mgeni. Mgeni hajui kwamba mlinzi wa mwalo, Simba na Yanga wakicheza, hayupo mwaloni. Mgeni hajui tajiri gani amesafiri kwenda msibani. Haya ni mambo ya mtu anayekula nasi.

Halafu, injini hailiwi. Ni lazima inunuliwe. Nani anainunua? Kijana wa karabai? Hela anatoa wapi, na mgawo wenyewe mnaujua? Injini ya wizi inanunuliwa na tajiri. Tajiri mwenye mitumbwi yake, aliyekaa kwenye viti vya mbele. Anaambiwa, "Mzee, kuna injini, nusu bei, ila haina karatasi." Naye haulizi ya nani. Anauliza kama inawaka.

(Hapo matajiri wawili walinung'unika. Siku ile niliwaacha wanung'unike, na hapa pia nawaacha.)

Tunasema za mwizi ni arobaini. Hapa kwetu amefika mia na bado anahesabu, kwa sababu ana wateja. Siku mtakapokataa kununua injini isiyo na karatasi, mwizi atabaki na chuma kizito kisichomfaa hata kwa nanga.

Sasa niwape kisa ambacho bado kinaninyima usingizi. Mzee mmoja wa hapa alikuwa anatega nyavu za sato karibu na mawe. Kila asubuhi akizivua anakuta samaki wamepungua. Vichwa vimebaki, miili haipo, nyavu zimetoboka. Akasema naibiwa. Tukasema kweli anaibiwa. Kisha akamtaja mwizi: kijana mmoja aliyekuja kutoka bara kutafuta kibarua, anayelala kwenye mtumbwi. Kwa nini yeye? Alionekana? Hakuonekana. Alikutwa na samaki? Hakukutwa. Kwa nini yeye? Kwa sababu hana ndugu hapa.

Mwano, yowe la kuita watu, ukapigwa alfajiri. Mnakumbuka, wengi wenu mlikuwepo. Nilipofika kijana alikuwa chini, uso umevimba, hata jina lake anashindwa kulitamka. Na tairi lilikuwa limeshaletwa. Narudia kwa wale wa nyuma: tairi lilikuwa limeshaletwa.

Aliyemwokoa hakuwa kiongozi. Mwenyekiti alikuwa safarini, mimi sauti yangu haikusikika. Aliyemwokoa ni bibi mmoja wa Kikara aliyepenya katikati ya wanaume akiwa ameshika kichwa cha sato. Akakinyanyua juu. Akasema: "Nyie mna akili? Mwizi gani anaiba samaki anakuachia kichwa? Mwizi gani anamtafuna mbichi humo humo majini?" Akaonyesha alama za meno kwenye mfupa. Watu wakakisogeza kile kichwa, mmoja akakiangalia, akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu. Na jinsi kilivyozunguka, ndivyo kelele zilivyopungua.

Alikuwa fisi maji.

Fisi maji mnamjua, yule mwenye madoa shingoni. Asubuhi wanatokeza vichwa kwenye mawe kama watoto wanaoogelea. Wamo ziwani tangu kabla ya babu zetu. Chakula chao ni samaki, na wakiwakuta wameshanaswa hawajisumbui kuwafukuza. Binadamu akiiba anabeba samaki mzima, na akipata nafasi anabeba na wavu wenyewe. Fisi maji anakula pale pale, anaacha kichwa, anaacha tundu. Alama zote zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeziangalia, kwa sababu tulikuwa tumeshampata wa kumpiga. Na huyo fisi maji mwenyewe anapungua, maana mara nyingi ananaswa kwenye nyavu hizo hizo akafa maji.

Kijana alipandishwa mtumbwi wa kwanza uliokuwa unaondoka. Hajarudi, na mimi simlaumu. Angekufa, kitabuni tungeandika nini? Tungeandika "aliuawa na wananchi wenye hasira kali". Maneno hayo tunayasikia redioni kila siku, kana kwamba wananchi wenye hasira kali ni mvua, wanakuja na kupita. Wananchi wenye hasira kali wana majina. Mmoja wao ana duka hapa. Mwingine aliimba kanisani Jumapili ile ile. Kuua ni kuua, awe mwizi au asiwe mwizi.

Najua mtaniambia: mama, bila sungusungu tungekwisha. Sibishi. Wazee walioanzisha sungusungu kule Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamechoshwa na wezi wa ng'ombe kama sisi tulivyochoshwa na wezi wa injini. Nataka doria za usiku. Nataka ziwe nyingi kuliko sasa. Lakini nataka doria ya macho: kuona, kuandika, kukamata, kumkabidhi mtu kwa Afande akiwa anatembea kwa miguu yake. Doria ya tairi siitaki, na mwizi wa kweli anaipenda sana, kwa sababu siku ile mlipokuwa mnampiga yule kijana, injini iliondoka upande wa pili. Mmesahau? Mimi ndiye ninayeshika kitabu. Ilikuwa alfajiri ile ile.

Kuna jambo nitalipita haraka, maana linatugusa wengi na naona vichwa vimeanza kuinama. Nyama ya kiboko. Yule kiboko aliyechomwa mikuki akaelea mpaka hapa mwaloni, nani hakula? Watu walitoka na visu, na mabeseni, na watoto wakaachwa shuleni bila mwalimu. Mnyama pori ni mali ya serikali, akiwa hai au amekufa. Hata ukimuua kwa kujiokoa, sheria inataka utoe taarifa, si ugawane. Kukutwa na nyama yake ni kukutwa na nyara za serikali, na hiyo ni kesi ya uhujumu uchumi ambayo kifungo chake kinafika miaka 20 na zaidi. Tulikula mwalo mzima. Aliyekamatwa ni mmoja, ambaye sufuria lake lilikuwa bado motoni.

Lakini mnajua kilichofuata? Ukimya. Tangu siku ile mwalo wote una siri moja, na wenye siri moja hawaendi polisi. Mamba akichukua mbuzi, kimya. Injini ikiibwa, kimya, maana Afande akija kuuliza ya injini anaweza kuuliza na ya sufuria. Mwizi alijua kwamba tumejifunga midomo wenyewe. Akafanya kazi yake kwa raha zake.

Ukimya huo huo unatunyima haki. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho na kifuta machozi kwa walioumizwa au kuharibiwa mali na wanyama wakali. Kanuni zake za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni 1 kwa familia ya aliyeuawa. Milioni moja hairudishi mtu, na mimi niliwahi kusema mbele ya wakubwa kwamba ni ndogo, nasema tena. Lakini hata hiyo ndogo haitoki bila taarifa. Taarifa itoke kwa mtendaji, ipande kwa afisa wanyamapori wa wilaya, ithibitishwe. Sasa fikirini. Mwenzetu mmoja alichukuliwa na mamba usiku akivuta kokoro, ule wavu wa kukokota. Kokoro ni haramu, tena amevuta kwenye mazalia, pale samaki wadogo wanapokulia. Familia ikaogopa. Ikasema aliteleza akazama. Mamba hakuandikwa, kokoro haikuandikwa, mjane hakupata chochote, na wiki iliyofuata kokoro lile lile lilikuwa majini na watu wengine. Mwenye kokoro ni nani? Wavutaji ni vibarua. Mwenyewe hajawahi kulowa hata kifundo cha mguu.

Na wale mnaosema kokoro na nyavu nyingine haramu ni njaa tu, hazihusiani na mamba: vueni samaki wote wa pembezoni, sangara wa chini ya sentimita 50, sato wa kiganja, furu, kila kitu. Mamba aliyekuwa anakula samaki pale pembezoni atakula nini? Atasogea kwenye mbuzi. Baada ya mbuzi nani anafuata kushuka majini?

Msinielewe vibaya, sijaja kuwasema tu. Watu wa visiwa hivi nawajua. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipopinduka karibu kabisa na Ukara, ikiwa na watu waliotoka gulioni Bugolora, nani walifika kwanza? Wavuvi. Kwa mitumbwi yao, kwa mafuta yao, hakuna aliyeandikiwa barua. Watu zaidi ya 220 walikufa siku ile, na waliotolewa wakiwa hai wengi wao walivutwa na mikono kama hii yenu. Hapa wapo waliokwenda, nawaona, na sitawasimamisha. Watu wanaoweza kufanya vile mchana ule, wanashindwaje kulinda chanja za mama zao usiku?

Basi nisikilizeni, namalizia na mambo ya kazi. BMU imekaa na Serikali ya Kijiji, na tunapendekeza hivi. Kuanzia leo kitabu ni kimoja. Mnyama, mwizi, kokoro, injini, dagaa walioibwa, vyote kwenye kitabu kimoja, kwa tarehe na saa, ili tukifungua tuone usiku gani yalitokea mawili kwa pamoja. Nimeshajaribu kwa yale niliyokuwa nayo kwenye madaftari mawili ya zamani, na nawaambia mtashangaa.

Kina mama hatulali tena chini ya chanja. Dagaa wakilala, wanalala sehemu moja, ile ya juu karibu na ghala, chini ya taa za sola za mitumbwi. Kipindi hiki cha mbalamwezi taa hizo zimekaa bure na vijana mmekaa bure. Nyie ndio mtakaolinda, wawili wawili, kwa zamu. Kina mama tumekubaliana kutoa sado ya dagaa kwa kila doria. Msicheke, sado ya dagaa mnajua bei yake. Mwezi ukiisha mkarudi ziwani, wazee na mgambo watapokea.

Njia ya kiboko kule mkuyuni inafunguliwa. Mwenye matembele avune yaliyopo, asipande mengine. Diwani amesema atakuja kupima mita mwenyewe, na tuna kamba. Ghuba ya nyuma tutakwenda kung'oa magugu wote, mchana, kwa kelele, kwa mitumbwi mikubwa, na hakuna kuingiza mguu majini. Watu wa Idara ya Wanyamapori wameombwa wawepo siku hiyo ili watuambie mamba ni wangapi kweli, tuache kuhesabu kwa uchawi. Samaki hawapasuliwi tena pale pa kuchotea maji. Ombi la kizimba limeandikwa jana usiku, Mtendaji, lipo kwenye bahasha hii, linasubiri mhuri wako tu. Na mhuri najua unao mfukoni.

La mwisho ni injini. Kila injini iliyopo mwaloni inaandikwa namba yake, iliyogongwa kwenye chuma, na jina la mwenye nayo na alikoinunua. Afande atabaki na nakala. Injini itakayokataa kuandikwa tutajua ni ya aina gani. Kitabu hiki hapa mezani, kalamu hii hapa. Mtendaji amekubali kwamba mkutano haufungwi mpaka injini zote zilizoko ufukweni leo ziandikwe, na tutaanzia viti vya mbele.